Burns Mkulima, Bingwa Aliyegeuka Mwalimu

Vijana wa Kitomanga, huku Lindi, wanaijua mieleka ya Marekani. Jioni, kazi za shamba zikiisha, hujaa kwenye vibanda umiza kuwashangilia John Cena na Undertaker, na kesho yake utawakuta wadogo zao mchangani wakibwagana kwa namna ile ile waliyoiona. Mieleka hiyo ya kwenye runinga ni maonyesho, na mshindi hupangwa kabla ya kengele kulia. Lakini imetokana na mchezo wa kweli, mchezo ambao mtu aliweza kutoka ulingoni bega limeng'oka, na ambao pambano moja liliweza kuchukua saa mbili bila kupumzika. Aliyeufundisha mchezo huo Marekani kuliko mtu yeyote wa zama zake aliitwa Martin Burns. Watu walimwita Burns Mkulima, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, na jina hilo hakulikataa mpaka alipokufa.

Alizaliwa tarehe 15 Februari 1861 katika kibanda cha magogo, wilaya ya Cedar, jimbo la Iowa. Miezi miwili baadaye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vikaanza. Iowa iko katikati ya nchi, mbali na bahari zote mbili. Ni jimbo la mahindi na nguruwe, lenye kiangazi kikali na baridi ya kugandisha maji mtoni. Baba yake alifariki yeye akiwa na umri wa miaka 11, na tangu hapo ilimbidi kufanya vibarua kwenye mashamba ya watu ili mama na wadogo zake wale. Alivuna mahindi kwa mkono katika baridi ya mwisho wa mwaka, akakata miti kwenye kambi za magogo, akachimba udongo pamoja na wajenzi wa barabara. Mtu aliyekulia Kitomanga, akafyeka shamba la mikorosho, akang'oa visiki na kubeba magunia ya ufuta mgongoni, hahitaji kuelezwa mwili wa kijana wa namna hiyo unavyokuwa. Mgongo unakomaa, viganja vinakuwa vigumu, na shingo inazoea mzigo.

Katika makambi yale hapakuwa na starehe nyingi. Chakula cha jioni kikiliwa, vijana walipigana mieleka. Inasimuliwa kwamba Burns alishinda dau lake la kwanza, senti 15, akiwa na miaka minane tu. Mwaka 1880, akiwa na miaka 19, alipambana na David Grafft, mtu mzima mwenye jina katika eneo lao, wakashikana kwa zaidi ya saa mbili na hakuna aliyemwangusha mwenzake. Na huyu hakuwa pandikizi la mtu. Uzito wake wa ukubwani ulikuwa ratili 165 hivi, yaani kilo 75, uzito ambao leo ungemweka mbali kabisa na wale majitu wa kwenye runinga.

Hapa inafaa nieleze mchezo wenyewe, maana bila kuuelewa, maisha ya Burns hayaeleweki.

Ulaya ilikuwa na mieleka ya Kigiriki na Kirumi, ambayo inakataza kumshika mtu chini ya kiuno. Wachimba makaa na wafumaji wa Lancashire, Uingereza, walikuwa na mieleka yao isiyokuwa na mpaka huo. Shika popote unapoweza: mkono, shingo, goti, kifundo cha mguu. Hiyo ndiyo mieleka ya kechi. Ilivuka bahari na wahamiaji, ikachanganyika na mieleka ya Waayalandi na ubabe wa makambi ya magogo, ikawa mchezo uliopendwa sana Marekani kabla mpira wa kikapu haujabuniwa. Ushindi ulipatikana kwa kuyalaza chini mabega yote mawili ya mpinzani, au kumkunja kiungo mpaka asalimu amri. Kabali iliruhusiwa katika mapambano mengi, ikakatazwa katika mengine, na wapinzani walikubaliana sharti hilo kabla ya kushikana.

Sasa tazama jambo moja kwa karibu. Mtu amelazwa chali, bega la kushoto limeshagusa chini, la kulia limebakisha upana wa vidole vitatu. Afanye nini? Anakanyaga nyayo zake, anainua kiuno, na anaukandamiza utosi wake chini mpaka mwili mzima unasimama juu ya visigino na kichwa, mgongo umepinda, mabega yako hewani. Juu yake kuna mtu wa kilo 90 anayemsukuma kifuani kwa nguvu zote. Kinachozuia kushindwa katika dakika hiyo ni shingo. Burns alilijua hilo mapema, na akaijenga shingo yake miaka na miaka kwa kusimama hivyo hivyo, kwa kubeba uzito, kwa kupinga mikono ya wenzake, hadi mzunguko wake ukafika inchi 20, yaani zaidi ya nusu mita. Shingo hiyo juu ya mwili wa kilo 75 ilikuwa kitu cha kushangaza, na watu walikuja kutoka mbali kuitazama.

Mwaka 1889 alikwenda Chicago na mifugo ya kuuza. Mjini kulikuwa na wanamieleka wawili wakubwa wa wakati huo, Jack Carkeek na Evan Lewis, waliotoa ahadi jukwaani: dola 25 kwa yeyote atakayestahimili dakika 15 bila kuangushwa. Lewis alikuwa tishio. Jina lake la ulingoni lilikuwa Mkabaji, kwa ile kabali yake iliyokuwa ikiwazimisha watu. Burns akapanda jukwaani na nguo zake za shamba, ovaroli ya mtu aliyetoka kuswaga wanyama, ukumbi ukaangua kicheko. Carkeek alishindwa kumwangusha. Lewis naye akashindwa. Mkulima akaondoka na fedha zake, na kuanzia hapo jina la Mkulima, lililokuwa la dhihaka, likawa jina la heshima.

Miaka sita baadaye, tarehe 20 Aprili 1895, walikutana tena mjini humo humo, safari hii wakigombea ubingwa wa Marekani wa mieleka ya kechi. Burns akamshinda Lewis. Alikuwa na miaka 34.

Mwaka huo 1895 una uzito wake kwetu sisi wa pwani ya kusini. Mwezi Novemba Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje, mahali panapoitwa Mwembe Kinyonga hadi leo, kwa sababu alikataa kutawaliwa. Ninalitaja kwa sababu jambo lililomtangaza Burns kuliko ubingwa wake lilikuwa kitanzi. Kwenye maonyesho na masoko ya wakulima alikuwa akivishwa kamba shingoni, anasimamishwa juu ya mlango wa kunyongea, na mlango unafunguliwa. Anashuka futi sita, kama mita mbili hivi, kamba inakaza, na yeye ananing'inia pale akipiga mluzi huku umati ukishangilia. Shingo ilimbeba, na hilo alilirudia mara nyingi katika maisha yake.

Nguvu ile naiheshimu, lakini onyesho lile silipendi. Katika miaka hiyo hiyo Wamarekani weusi walikuwa wakinyongwa kweli na makundi ya watu, bila shauri wala hukumu, na mwandishi mweusi Ida B. Wells alikuwa akiyahesabu mauaji hayo na kuyachapisha. Kijitabu chake The Red Record kilitoka mwaka huo huo wa 1895. Mtu mweupe wa Iowa aliweza kuning'inia mbele ya watu na kushuka akiwa mzima, akapewa mkono wa pongezi. Msomaji wa Kilwa anayeujua mwembe ule ataelewa kwa nini nashindwa kuisimulia habari hii kwa kicheko, kama wanavyoisimulia wenzetu. Na kijana yeyote asithubutu kuijaribu. Atakayeijaribu bila shingo ile hatarudi kusimulia.

Ubingwa haukukaa sana. Tarehe 26 Oktoba 1897, mjini Indianapolis, Dan McLeod alimshinda Burns, na mkanda ukaenda. Kwa wanamichezo wengi habari huishia hapo. Kwake ndipo ilipoanza, kwa maana alikuwa ameshaanza kufundisha. Miaka ya mwanzo ya 1890 alifungua ukumbi wa mazoezi Rock Island, Illinois, ng'ambo ya mto Mississippi ukitokea Iowa, na vijana wa mashamba walianza kumfuata huko. Aliwakataza pombe na tumbaku. Aliwafundisha kupumua kwa kina kabla ya kuwafundisha kushika, akiamini kwamba mapafu huamua pambano refu kuliko mikono. Kwa kila namna ya kushika, aliwafundisha namna ya kujinasua. Ukweli kwamba yeye mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo ulimfanya mwalimu mzuri. Alichokijua hakikutegemea kuzaliwa na kifua kipana, na kwa hiyo kilifundishika.

Desemba 1899 alifika Fort Dodge, Iowa, naye sasa ndiye anayetoa ahadi ile ile aliyopewa Chicago: dola 25 kwa atakayestahimili dakika 15. Akajitokeza kijana wa shamba kutoka jirani na Humboldt, Frank Gotch, mwenye miaka 22. Miezi michache tu kabla, Gotch alikuwa amepambana na McLeod, yule aliyemvua Burns ubingwa, bila kujua anashikana na nani. Burns alimlaza Gotch mabega chini katika dakika 11. Kisha akafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Aliugeukia ukumbi, akasema hajawahi kukutana na kijana asiye na ujuzi mwenye uwezo kama huyu, na akamchukua kumfundisha.

Sitaficha upande mwingine. Mieleka ya siku zile iliendana na kamari, na kwenye kamari ujanja haukosekani. Mwaka 1901 Gotch alipelekwa Klondike, kaskazini ya mbali ya Kanada, kwenye machimbo ya dhahabu, akiwa na jina la bandia, Frank Kennedy. Wachimbaji waliwekea dau wababe wao bila kujua wanapambana na mtu aliyefundishwa na bingwa, na wakapoteza fedha nyingi. Gotch alirudi na mali. Watu wa Iowa waliisimulia safari hiyo kama ushujaa, ilhali waliotoa jasho kwenye barafu walikuwa wametapeliwa.

Lakini ujuzi wenyewe haukuwa wa bandia. Mwaka 1904 Gotch alimshinda Tom Jenkins na kuwa bingwa wa Marekani. Alikuwa amebobea katika kukunja unyayo: anadaka mguu wa mpinzani, anaubana kati ya mkono na mwili, anausokota taratibu mpaka kifundo kinakaribia kuvunjika. Tarehe 3 Aprili 1908, wakati Kilwa na Lindi bado zinauguza njaa iliyoletwa na Vita vya Maji Maji, Chicago ilikusanyika katika banda la Dexter Park kumwona Gotch na George Hackenschmidt, mzaliwa wa Dorpat katika Estonia, aliyeitwa Simba wa Urusi na aliyekuwa hajashindwa kwa miaka mingi. Hackenschmidt alikuwa na mwili wa sanamu. Gotch alikuwa na mapafu ya Burns. Kwa saa mbili alimwegemea, akamsukuma huku na huku, akamchosha, akimtafuta mguu. Baada ya saa mbili na dakika chache Simba wa Urusi akasalimu amri, na akakataa kurudi kwa mzunguko wa pili. Baadaye alilalamika kwamba Gotch alijipaka mafuta mwilini na kumchezea rafu, na malalamiko hayo yangali yanabishaniwa. Waliporudiana tarehe 4 Septemba 1911 kwenye uwanja wa Comiskey Park, karibu watu 30,000 walihudhuria. Hackenschmidt aliingia akiwa ameumia goti, pambano likaisha mapema.

Katikati ya mapambano hayo mawili Burns aliitwa kwenye kazi nyingine, ambayo msomaji wa Afrika hawezi kuipita hivi hivi. Jack Johnson, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa, mzaliwa wa Galveston, Texas, alikuwa amekuwa bingwa wa kwanza mweusi wa dunia wa ngumi za uzito wa juu baada ya kumpiga Tommy Burns mjini Sydney, Desemba 1908. Huyo Tommy hakuwa ndugu wa Martin. Magazeti ya wazungu yakamlilia Jim Jeffries, bingwa aliyekwisha kustaafu, arudi kuirudishia rangi yao heshima. Jeffries alikuwa amenenepa na hajapigana kwa miaka kadhaa. Miongoni mwa walioitwa kambini kumrudishia mwili wake walikuwamo Gotch na mwalimu wake, Burns.

Walifanikiwa kumpunguza uzito mwingi. Haikusaidia. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, Nevada, Johnson alimchezea Jeffries alivyotaka na kummaliza raundi ya 15. Usiku huo ghasia zikazuka katika miji mingi ya Marekani, na watu weusi wakauawa kwa sababu tu ya kufurahi. Burns hakulipanga hilo, na kumfanyisha mtu mazoezi ilikuwa kazi yake. Hata hivyo ujuzi mzuri uliwekwa siku ile katika huduma ya jambo baya, na anayeandika maisha yake kwa ukamilifu lazima aseme hivyo. Mieleka yenyewe ilikuwa na ukuta wake wa rangi. Viro Small, aliyezaliwa mtumwa South Carolina, alikuwa amesifika Vermont miaka ya 1880, lakini watu kama yeye hawakuonekana katika orodha ya mabingwa ambayo akina Burns, McLeod na Gotch waliirithishana.

Mwaka 1914, akiwa Omaha, Nebraska, Burns alitoa masomo ya mieleka na mazoezi ya mwili kwa njia ya posta. Hili nalipenda sana. Kijana aliyekaa shambani, maili nyingi kutoka mji wa karibu, alituma fedha na kupelekewa vijitabu vyenye picha, hatua kwa hatua: namna ya kupumua, namna ya kuijenga shingo bila chombo chochote, namna ya kushika na namna ya kujinasua. Hakuhitaji vyuma wala ukumbi. Alihitaji sakafu na ndugu wa kushikana naye. Maelfu ya wavulana wa mashambani walijifunza hivyo ghalani, juu ya nyasi za ng'ombe.

Wanafunzi wake wa ana kwa ana waliendelea kutoka. Earl Caddock, aliyesifiwa kwa wingi wa mbinu zake, alimshinda Joe Stecher mjini Omaha Aprili 1917 na kuwa bingwa wa dunia, kisha akaenda vitani Ufaransa, ambako gesi ya sumu iliyaharibu mapafu yake. Desemba 1917 Gotch alifariki Humboldt kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 40 tu. Mwalimu akabaki, akimzidi mwanafunzi wake umri kwa miaka 16.

Wakati huo mieleka ya kulipwa ilikuwa inageuka kuwa maonyesho ya kupangwa. Burns akaelekea shuleni. Mwaka 1921 sekondari ya Washington ya Cedar Rapids ilitwaa ubingwa wa kwanza wa mieleka wa shule za jimbo la Iowa, na aliyewafundisha vijana wale alikuwa yeye, mzee wa miaka 60. Alifariki Januari 1937 huko Council Bluffs, Iowa, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 76.

Kilichobaki baada yake kinaonekana kwa macho. Iowa, jimbo la mahindi, ndiyo makao ya mieleka ya shule na vyuo vya Marekani hadi leo. Dan Gable, mzaliwa wa Waterloo, Iowa, alitwaa dhahabu kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 bila mpinzani yeyote kupata pointi hata moja dhidi yake. Kisha akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Iowa na kukiongoza kutwaa ubingwa wa vyuo vya nchi nzima mara 15.

Kwenye Olimpiki hiyo hiyo ya Munich alikuwepo Mtanzania Habibu Kinyogoli, bondia wa uzito wa unyoya. Naye aliporudi alichagua njia ya Burns na Gable. Akawa mwalimu wa ngumi Dar es Salaam, na mabondia waliopita mikononi mwake ni wengi. Kwa hiyo mfano tunao nyumbani, hatuna haja ya kuusaka Iowa peke yake.

Basi neno langu ni kwa maofisa utamaduni na michezo wa Lindi na Kilwa, na kwa walimu wa shule za Kitomanga na Mchinga. Watoto wanabwagana mchangani kila siku kwa kuiga runinga, bila mtu wa kuwaonyesha jinsi ya kuanguka, na shingo ni kiungo kisichokuwa na mbadala. Tafuteni mtu mmoja aliyejifunza mieleka kwa utaratibu, jeshini au chuoni, mumpe uwanja laini wa mchanga na muda wa saa mbili kwa juma. Somo la kwanza liwe kupumua, la pili liwe kuanguka, na kushika kuje baadaye.